Kanda za Muziki Wetu Ziokolewe

Hivi karibuni tulifika Ndungu, wilayani Same, pale barabara inapopita chini ya Milima ya Upare, upande mmoja ukiwa na mlima na upande wa pili mashamba ya mpunga yanayonyweshwa kwa mifereji iliyojengwa kwa msaada wa Japani mwishoni mwa miaka ya 1980. Tulikwenda kwa shughuli ya mpunga, wala muziki haukuwa katika ratiba yetu. Lakini tulipokuwa tukingoja gari karibu na kibanda cha fundi wa redio na simu, tulisikia sauti tuliyoitambua mara moja. Fundi, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa akipiga albamu ya bendi ya Queen ya Uingereza iitwayo A Night at the Opera. Alipopata habari kwamba tumetoka Unguja alituamkia, akapunguza sauti, kisha akauliza: "Ni kweli, wazee, kwamba huyu mwimbaji ni mtu wa kwenu?"

Tulimjibu kwamba ni kweli. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Kiparsi ambayo baba yake alikuwa mtunza fedha katika ofisi ya serikali ya kikoloni. Alisomeshwa India, akarudi, na mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza. Kijana aliridhika na jibu hilo, ila akaongeza swali la pili ambalo ndilo lililotufanya tuandike makala haya: "Na sisi je, hatukuwahi kupiga muziki mzito wa namna hii?"

Kabla hatujafungua kinywa, mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa ameketi kwenye benchi alijibu: "Tuliwahi." Akalitaja jina la Sunburst. Kijana hakuwahi kulisikia. Nasi tuliona haya kidogo, kwa sababu wengi wetu katika chumba hiki cha habari tulilifahamu jina hilo kutokana na santuri iliyotolewa na kampuni moja ya Uingereza mwaka 2016, yaani miaka 40 baada ya bendi hiyo ya Dar es Salaam kutengeneza albamu yake.

Tunapenda leo kuziweka albamu hizi mbili bega kwa bega, si kwa ajili ya kuzishindanisha, bali kwa sababu zimetengana kwa muda mdogo sana. A Night at the Opera ilitoka mwezi Novemba 1975. Ave Africa ya Sunburst ilitoka mwaka 1976. Moja iliimbwa na mtu aliyezaliwa katika kisiwa chetu, nyingine na vijana waliokulia ng'ambo ya bahari hii hii, mwendo wa saa chache kwa jahazi upepo ukiwa mwema. Yaliyozipata baada ya hapo hayafanani hata kidogo.

Kwa wasomaji wasiopenda magitaa yenye kelele, na tunajua ni wengi, yafaa kueleza kwamba muziki tunaouzungumzia haukuwa kelele tupu. Queen walijifunza mapema kuujenga wimbo kama jengo la ghorofa. Katika albamu yao ya pili, ya mwaka 1974, tayari walikuwa wakibadili mwendo na mapigo mara kadhaa ndani ya wimbo mmoja, wakipachika sauti juu ya sauti. Wapigaji wa miaka ya baadaye wa roki nzito, wale wanaopenda nyimbo ndefu zenye vipande vingi, wamekiri deni lao kwa kazi hizo. Metallica ya Marekani, bendi kubwa kabisa ya muziki wa metali, mwaka 1990 ilirekodi upya wimbo mmoja wa Queen wa mwaka 1974 na ikapata tuzo ya Grammy kwa kazi hiyo.

Albamu ya 1975 ilirekodiwa katika studio kadhaa. Wimbo wake uliovuma kuliko zote, Bohemian Rhapsody, ulianza kurekodiwa mwezi Agosti katika studio ya Rockfield, iliyokuwa katika shamba huko Wales. Sehemu ya katikati, inayoiga opera, ilichukua majuma yapatayo matatu peke yake. Watu watatu, Mercury, Brian May na Roger Taylor, waliimba kwa saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku, wakirudia na kurudia, hata sauti tatu zikasikika kama kwaya nzima ya kanisa kuu. Kanda yao ilikuwa na njia 24 za sauti, lakini njia hizo hazikutosha, ikabidi wazikusanye, wazihamishe, kisha waanze tena juu yake. Inasimuliwa kwamba kanda hiyo ilipita kwenye mtambo mara nyingi mno hata rangi yake ikachujuka, na mtu akiishika mbele ya taa aliweza kuona upande wa pili. Na katikati ya opera hiyo mnasikika neno ambalo kila mtoto wa chuoni Unguja na Pemba hulitamka kabla ya kufunua msahafu. Hatusemi kwamba alilipata Shangani. Tunasema tu kwamba mtu wa visiwani akilisikia hukaa sawa kwenye kiti.

Muhimu kwa hoja yetu ni yaliyofuata. Kanda ile iliyochakaa haikutupwa. Ilitiwa lebo, ikaandikwa nani alipiga nini na siku gani, ikawekwa katika chumba kikavu. Hivyo albamu hiyo imetolewa upya mara nyingi: mwaka 2005 ilipotimiza miaka 30, tena mwaka 2011 baada ya kusafishwa sauti upya. Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 2024. Bendi haikuwahi kuridhika na mlio wa ngoma katika albamu yake ya kwanza kabisa, ya mwaka 1973. Kwa kuwa kila chombo kilikuwa bado kimetunzwa katika njia yake ya sauti, mafundi walizirudia kanda zilezile na kuichanganya upya albamu nzima, na wimbo mmoja ulioachwa nje mwaka 1973 ukarudishwa mahali pake. Baada ya miaka 51 kosa la ujanani likasahihishwa. Mwaka huo huo iliripotiwa kwamba haki za nyimbo za bendi hiyo zinanunuliwa kwa fedha zinazokaribia pauni milioni elfu moja.

Sasa tuwatazame vijana wa Dar es Salaam.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 bendi nyingi za Tanzania zilikuwa chini ya taasisi. Jumuiya ya wafanyakazi ilikuwa na NUTA Jazz; polisi, jeshi na mashirika ya umma nao walikuwa na bendi zao. Mpango huo ulikuwa na faida zake, kwani mpiga gitaa alipata mshahara na vyombo. Lakini kijana aliyetaka kupiga kitu kisichozoeleka, gitaa lenye mngurumo lililochanganywa na midundo ya ngoma za nyumbani, alijitegemea mwenyewe. Wala hatuna haja ya kuficha kwamba muziki wa aina hiyo ulitazamwa kwa jicho la shaka. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja kwamba unapotosha vijana na utamaduni wa taifa. Waliotoa amri hiyo walikuwa na nia ya kulinda chetu. Lakini amri ile haikutofautisha kati ya anayeiga na anayeazima ili atunge lake.

Sunburst walikuwa waazimaji wa namna hiyo. Mtindo wao waliuita Kitoto, mkokoto wa roki, soul na mapigo ya Kiafrika, wakiimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Albamu yao hawakuitengenezea nyumbani. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kugonga santuri. Studio iliyotegemewa na bendi karibu zote ilikuwa ile ya Radio Tanzania, na kazi yake ilikuwa kurekodi kwa ajili ya matangazo, si kwa ajili ya mauzo. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo nayo ikaziba hadi mwaka 1983. Sunburst walikwenda Zambia, nchi ambayo vijana wake wa miji ya shaba walikuwa tayari na roki yao wenyewe. Ave Africa ikatoka huko, mwaka uleule ambao reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mbili. Bendi haikudumu sana baada ya hapo. Nakala za santuri zilibaki chache, zikawa mali ya wakusanyaji wa Ulaya wanaonunua santuri moja kwa bei ambayo mkulima wa Ndungu angeweza kulimia msimu mzima.

Mwaka 2016 kampuni ya Strut ilizikusanya rekodi zote za Sunburst za tangu 1973 hadi 1976 na kuzitoa upya, pamoja na kijitabu cha historia yao. Tunawashukuru waliofanya kazi hiyo, na hatuungani na wale wanaolalamika kila mara Mzungu anapookota kilichoangushwa na wenyewe. Kilichoangushwa kiliangushwa na nani? Hilo ndilo swali la kujiuliza kwanza.

Visiwani kwetu hadithi ni ileile, ila ni ya zamani zaidi. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake ya Kiswahili inaswe katika santuri, kwa kuwa hapakuwa na mtambo huku. Klabu ya Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Ilipotimiza miaka 100, albamu ya kuiadhimisha ilitolewa Paris, ikiwa ya kwanza katika mfululizo wa Zanzibara. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ni wageni wa kampuni ya GlobeStyle ya London waliokuja Unguja na vinasa sauti vyao, wakarekodi taarabu na kuipeleka duniani. Tangu gramafoni hadi leo, sauti zetu zimekuwa na tabia ya mabaharia: huondoka na kusi, na hurudi nyumbani zikiwa zimevaa nguo za kigeni.

Hata hivyo si zote zilizoondoka. Sehemu kubwa ya muziki wa miaka ya 1950 hadi 1980 ilibaki hapa hapa, katika kanda za redio. Unguja ina redio tangu mwaka 1951, na Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka huo huo. Kwa miongo mitatu na zaidi bendi, vikundi vya taarabu, ngoma za wilayani, kwaya za shule na hotuba za viongozi vilinaswa katika kanda hizo. Nyingine ni nakala pekee iliyopo duniani. Ikipotea hiyo, hakuna mkusanyaji wa London wala Paris atakayetuokoa, maana hakuna santuri yake popote.

Na kanda haiozi kwa dhana, inaoza kwa kemia. Kanda ya sauti ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Gundi ya kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu wa hewa, ikalegea na kunata. Mtu akiipiga bila kuiandaa, unga wenyewe hubanduka na kuachwa juu ya kichwa cha mtambo, na sauti huondoka nao. Mafundi wanayo dawa ya muda: kuipasha kanda joto dogo, la nyuzi hamsini na kidogo, kwa saa nyingi, halafu kuipiga upesi na kuinakili. Hewa yetu ya chumvi, joto na kukatika kwa umeme si marafiki wa kanda. Tena mitambo ya kuzipigia haitengenezwi kwa wingi kama zamani, na mafundi walioizoea ni wazee ambao hawatakuwa nasi siku zote. Kila mwaka unaopita, kazi inakuwa ghali zaidi.

Tunajua jibu linalotolewa kila jambo hili linapozushwa: fedha hazipo, na hospitali na shule vina haki ya kwanza. Hatubishi kwamba hospitali ina haki ya kwanza. Lakini serikali zetu mbili zinatenga fedha kila mwaka kwa utalii na utamaduni, na visiwani tumekwisha kuona kwamba jina la mwanamuziki linalipa. Tangu Novemba 2019 ipo nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury pale Shangani, na wageni wanakata tiketi kuingia. Wapo wasiopenda sifa apewazo mtu huyo. Mwaka 2006 sherehe iliyopangwa kwa kumbukumbu ya miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa kwa upinzani wa waumini. Hatutaki kuufufua ugomvi huo, na kila mmoja ana haki ya dhamiri yake. Tunachouliza ni jambo jingine kabisa: kama mgeni yuko tayari kulipa ili aione picha ya mtu aliyeondoka hapa akiwa na miaka 17 na nyimbo zake zote akazitungia kwingine, je, hatalipa kusikiliza sauti zilizotungwa, kuimbwa na kunaswa hapa hapa?

Wala si wageni tu. Mwanamuziki mwenyewe ananufaika akiwa hai. Huko Zambia bendi ya WITCH ilitamba miaka ya 1970 kisha ikanyamaza. Mwimbaji wake, Emmanuel Jagari Chanda, aliishia kuchimba vito ili aishi. Albamu zake zilipotolewa upya, watu wakamtafuta, akatengenezewa filamu, akapanda tena jukwaani Ulaya, na mwaka 2023 bendi ikatoa albamu mpya. Mzee wa Kiafrika mwenye zaidi ya miaka 70 alilipwa kwa kazi ya ujana wake. Wangapi wa kwetu wamefika miaka hiyo huku nyimbo zao zikipigwa harusini na wao wakiomba nauli ya daladala?

Sheria tunazo. Bara ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina yake ya mwaka 2003; kila upande una chombo chake cha kusimamia haki hizo. Ugumu unaanzia mahali padogo mno ambapo wanasheria hawapatazami, nao ni karatasi. Ili santuri itolewe upya kwa haki, lazima ijulikane nani alitunga, nani aliimba, nani alipiga besi, na rekodi ni ya nani. Queen wanayo karatasi hiyo kwa kila siku waliyoingia studio. Kwetu mara nyingi ganda la kanda limeandikwa jina la bendi na namba, basi. Mpiga ngoma hana jina. Akifa, watoto wake hawana cha kuonyesha. Kwa hiyo tunawaomba maofisa wa utangazaji na utamaduni, wa Unguja na wa Dar es Salaam, waanze na daftari kabla ya mtambo. Wawaite wazee waliobaki, wawasikilizishe nyimbo, wawaulize nani alikuwa nani, waandike. Kazi hiyo haihitaji mfadhili kutoka nje. Inahitaji vijana wawili wenye hati nzuri, kahawa, na ruhusa ya mkuu wa idara.

Kunakili kwenyewe kufuate, kwa utaratibu unaoeleweka: kanda zilizo hatarini zaidi kwanza, si zile zinazopendwa na wakubwa. Pindi kampuni ya nje itakapokuja kutaka nyimbo, na zinakuja, ipewe kwa mkataba unaotaja mrabaha wa wapigaji kwa majina, na unaobakiza kanda ya asili nchini. Tumesikia habari za kanda zilizoazimwa zisirudi. Ofisa anayetia saini bila kuuliza kanda itarudi lini hana tofauti na mtunza ghala anayetoa mbegu zote kwa kuwa mgeni amezisifu.

Tena muziki huo urudi kwa watu. Inatia uchungu kwamba fundi wa Ndungu anaweza kuisikiliza kwa simu albamu iliyorekodiwa Wales, na hawezi kuusikiliza wimbo uliorekodiwa Dar es Salaam wakati baba yake akiwa mtoto. Si kosa lake, wala si kwamba hana mapenzi. Tulimchezea Sunburst kutoka simu yetu. Alisikiliza wimbo mzima bila kusema neno, bisibisi mkononi, kisha akaomba urudiwe, na safari hii akasogeza sikio karibu zaidi ili asikie gitaa.

Mwalimu mstaafu naye alituchukua hadi nyumbani kwake, mwendo mfupi kutoka barabarani. Chini ya kitanda anayo sanduku la bati lenye santuri kadhaa za bendi za Dar es Salaam na Morogoro, kila moja imefungwa kwa gazeti la zamani, na anayo gramafoni ya betri ambayo bado inazunguka. Hajazisikiliza kwa miaka mingi kwa sababu sindano ilivunjika. Alituomba tumtafutie nyingine huku pwani. Tumekwisha kuuliza Darajani na tumemtuma mtu Kariakoo, na hadi tunakwenda mitamboni haijapatikana. Msomaji mwenye sindano ya gramafoni ya aina hiyo, au anayemjua fundi anayeweza kuitengeneza, tunamwomba afike ofisini kwetu saa za kazi.